Mwethya wa Kidude

Watu hunicheka kwanza, halafu wanakuja. Nimezoea. Mimi ni fundi wa nguo hapa Machakos mjini, mwanamke wa miaka arobaini na moja, na sketi za shule za nusu ya mtaa zinaning'inia ukutani mwangu. Lakini kwenye droo ya cherehani, pale wenzangu wanapoweka zipu na vifungo, mimi nimeweka bisibisi nane nyembamba kama sindano, kibano, na kidude cha gemu kilichopasuliwa tumbo. Mteja akiuliza ni nini, namwambia. Akicheka, namwacha acheke, kisha namshonea sketi nzuri kuliko anavyostahili.

Kidude chenyewe unakishika kwa mikono miwili, kioo katikati, vitufe kulia na kushoto. Kilipotoka kilikuwa mtoto wa mjini. Waliokitengeneza wakakidekeza miaka michache, kisha wakaona mambo mengine, wakakiacha. Kwanza waliacha kukitolea gemu mpya. Halafu zikakosekana memori kadi zake, ambazo ni zake peke yake na haziingiliani na za simu. Halafu betri. Duka lao la mtandaoni bado liko, lakini ni kama duka ambalo mwenyewe amelala kwenye kaunta: gemu zinatoweka moja moja, na ukiuliza hakuna anayejibu. Niliwaandikia barua ndefu nikawaeleza makosa yao yote kwa utaratibu, moja baada ya jingine. Sijajibiwa mpaka leo, na hasara ni yao.

Usiniambie nichezee simu. Simu haina vitufe. Kioo cha simu unakisugua tu kama mtu anayefuta vumbi, kidole hakijui kimefika wala kimekosa. Kitufe kinazama, kinakujibu, unakisikia mpaka kwenye mfupa. Mimi kazi yangu ni ya vidole, kwa hivyo nikisema jambo kuhusu vidole, niamini.

Tena hilo sikujifundisha mwenyewe. Alinifundisha mama yangu, na alinifundisha kwa mkono uliokufa ganzi.

Mama anaishi Kathiani, kwenye shamba letu la mteremkoni, mahindi na maharagwe juu, maembe na parachichi chini. Miaka yake yote alikuwa mwenyekiti wa mwethya wa kina mama wa kijiji. Kwa asiyejua, mwethya ni kikundi cha kazi: leo tunachimba matuta kwako, wiki ijayo kwangu, na hakuna anayekwenda nyumbani kabla ya kazi ya mwenye zamu kuisha. Mwenye zamu anapika. Wakati wa kula, majembe yote yanalazwa mahali pamoja, ishirini, thelathini, na hakuna kuulizana la nani ni lipi. Nikiwa mtoto nilimwona mama akirudi kutoka kwenye chakula, anaongea na mwenzake, hata haangalii chini, na mkono wake unashuka kwenye lile lundo na kutoka na jembe lake. Mpini ulikuwa umelika mahali anaposhika. Nilidhani ni uchawi.

Halafu akapata kiharusi. Mdomo ulirudi, mguu ukarudi, lakini mkono wa kulia ukabaki umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Daktari wa viungo alimpa mpira mdogo wa kuminya, mara hamsini asubuhi, mara hamsini jioni. Mama aliminya siku mbili. Siku ya tatu aliutupia kuku.

"Mimi si mtoto," akasema. "Mpira hauendi popote. Nikiminya mara hamsini, nimefanya nini? Nimemaliza nini?"

Kina mama wa mwethya walikuja wakamchimbia matuta yake bila kuitwa, msimu wa kwanza na wa pili. Alikataa kutoka nje kuwaona. Alikaa chumbani akageukia ukuta, na hilo liliniuma kuliko ugonjwa wenyewe. Mama kugeukia ukuta huku majembe yanalia shambani kwake! Sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa siku niliyomkuta hivyo.

Nilikuwa na kidude mkobani. Nilikitoa ili nisilie, basi, na nikaanza kucheza gemu yangu ya maji. Ni gemu rahisi. Kuna mlima, mvua inanyesha kileleni, na wewe unafungua na kufunga mitaro upesi upesi ili maji yafike kwenye mashamba ya chini kabla hayajamwagika bondeni. Mkono wa kushoto unachagua mtaro, kidole gumba cha kulia kinafungua na kufunga. Mama akageuka, akatazama kwa muda.

"Aliyechimba huo mtaro ni mjinga," akasema. "Maji yatavunja hapo kwenye kona."

Yakavunja pale pale kwenye kona.

"Si nilisema? Lete hapa."

Nikamwekea mikononi. Kidole gumba cha kulia kilitetemeka juu ya kitufe, kikateleza, kikakaa. Maji yalimwagika yote. Akaanza tena. Alipofika mara ya kumi na moja alikuwa ameloa jasho na anatukana mvua ya kwenye kioo kwa Kikamba ambacho sikumsikia akikitumia hata kanisa lilipoibiwa mabati. Nikajua mama amerudi. Nikamwachia kidude, nikarudi mjini mikono mitupu, nikajitafutia kingine.

Mlima wa kwanza ulimchukua miezi miwili. Miezi miwili, mlima mmoja, ule ambao mtoto wa chekechea angeumaliza kabla ya uji kupoa. Aliutafuna huo mlima machozi yakimtoka, lakini aliushinda. Wa pili ukachukua mwezi. Baada ya miaka miwili na kitu alikuwa ameshinda milima thelathini, anapigana na wa thelathini na moja. Alikuwa anaweza kufunga leso yake mwenyewe na kumenya ndizi. Hata hivyo ukimuuliza mkono unaendeleaje, alisema, "Mkono umekufa. Huu wa gemu ni mazoea tu." Alikuwa hauamini. Alichoamini ni hiyo milima, na kila mgeni lazima angeonyeshwa ile orodha ya milima thelathini yenye tiki ya kijani, apende asipende.

Sasa elewa jambo moja. Gemu hiyo ilishaondolewa kwenye lile duka la usingizi. Huwezi kuinunua tena popote. Milima yote thelathini ya mama ilikuwa ndani ya memori kadi moja, ndogo kuliko ukucha wangu wa kidole kidogo.

Hapa mjini tuko watu sita tunaokishikilia kidude hiki. Tulipatana kidogo kidogo, kila mmoja akidhani amebaki peke yake. Wawili ndio nitakaowataja. Wa kwanza tunamwita Haji, mfanyabiashara wa mbuzi na ng'ombe, Msomali aliyezaliwa hapa hapa na anayeongea Kikamba kuliko ndugu zangu. Yeye anacheza mpira tu, gemu ya zamani ambayo wachezaji wake wote siku hizi ni makocha wenye vitambi. Kwake bado wanakimbia. Wa pili ni mwalimu wa fizikia, mtu wa kuweka alama na lebo kwenye kila kitu, hata chupa yake ya chai.

Kidude kilichoachwa na wenyewe kinahitaji mikono mingi, kwa hivyo nikawaambia tufanye mwethya. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya ibada, tunakutana kwa mwenye zamu. Tunafungua vidude, tunasafisha, tunabadilisha kilichochoka. Mwenye zamu anapika, na haondoki mtu kabla ya kazi kuisha. Sheria zote nilizitoa kwa mama, neno kwa neno, na mimi ndiye mwenyekiti. Hakuna aliyenichagua. Ilikuwa wazi tu.

Na tunafanya kazi, si mchezo. Raba ya chini ya kitufe ikichakaa, mimi nakata nyingine kwenye soli ya malapa ya zamani, nyembamba, mviringo, nakata kwa makasi ya tundu za vifungo, na inadumu kuliko ile ya kiwandani. Siku waliokitengeneza wakija kuniuliza, nitawafundisha. Walipotangaza wakati mmoja kwamba duka litafungwa kabisa, mwalimu alizunguka kwetu na kompyuta yake akanakili kadi za watu wote, kama mtu anayeweka mbegu darini. Mama alikuwa ndiyo kwanza ana mwezi mmoja na gemu yake. Baadaye waliokitengeneza wakaghairi, duka likabaki, na mwalimu akataka tuwe tunanakili kila baada ya miezi mitatu. Mimi ndiye niliyemwambia, "Wacha woga, mwalimu. Mara moja imetosha." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Basi kitufe cha mama cha kulia kikaanza kukwama. Akanikabidhi kidude kama anayenikabidhi mtoto. "Jumatatu nakitaka," akasema. "Mlima huu nimeshaujua siri yake."

Jumapili ilikuwa zamu yangu. Nilichemsha isyo, mahindi na maharagwe ya Kathiani, nikatandika kitambaa cheupe juu ya meza ya kukatia nguo, tukafungua vidude vitatu: cha mama, cha Haji ambacho betri ilikuwa imevimba, na cha mwalimu. Kadi tukazitoa kwanza, nikaziweka zote kwenye kifuniko cha sufuria.

"Tuweke alama," akasema mwalimu, na tayari alikuwa na utepe wa gundi mkononi. "Zinafanana hizi."

"Mwalimu," nikamwambia, "hapa ni mwethya, si benki. Majembe yanalala pamoja. Mwenye jembe analijua jembe lake."

Wote wakacheka, na yeye akacheka, akarudisha utepe mfukoni. Nilijisikia mkubwa sana.

Tulifanya kazi safi. Kitufe cha mama kikawa kinazama na kuruka kama kipya. Tukala. Baada ya kula nikaanza kurudisha kadi, mimi mwenyewe, kwa kibano, kwa sababu nani mwingine? Nikaanza na kidude cha Haji. Nikakiwasha. Kikaniuliza saa, nikakijibu. Kikaniuliza tarehe, nikakijibu. Kikiwa kimetolewa betri huwa na maswali mengi, nami nilikuwa nikijibu huku namsimulia Haji habari za mteja aliyenuna. Kikauliza jingine, nikabonyeza ndiyo. Mstari ukajaa kwenye kioo, ukaisha.

Nikachukua cha mama. Nikatia kadi, nikakiwasha, saa, tarehe. Kikauliza tena. Safari hii nilisoma. Kilisema kadi hii ni ya kidude kingine, na ili kuitumia hapa lazima kila kitu kifutwe kwanza. Unakubali?

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe. Kikabaki hapo hapo. Swali hili nilikuwa nimeshalijibu dakika mbili zilizopita.

"Haji," nikasema, "hebu fungua chako."

Akafungua. Hakukuwa na mpira. Hakukuwa na kitu chochote. Mwalimu akajaribu kadi iliyobaki kwenye kidude chake, ikakubali bila swali. Kadi aliyokuwa nayo ilikuwa ya mama, na nilikuwa nimeifuta mimi, kwa mkono wangu, nikicheka.

"Woi," nikasema. Nilikaa chini sakafuni, katikati ya vipande vya vitambaa.

Haji alichutama karibu nami. "Fundi, chukua ya kwangu yote, chukua na kidude. Wale wachezaji wangu ni wazee." Alikuwa anamaanisha kweli, na hilo ndilo lililonitoa machozi, kwa sababu halikusaidia chochote.

Mwalimu hakusema "nilikuambia". Angeweza, na ningemstahi zaidi angesema, ningepata mtu wa kumkasirikia. Alikwenda nyumbani kwake akarudi na kompyuta, akatafuta kwa muda mrefu. "Iko," akasema. "Ile nakala ya zamani. Gemu iko. Lakini mama yako alikuwa bado kwenye mlima wa kwanza." Akarudisha kila kitu kwenye kadi. Nikawasha. Mlima wa kwanza ukatokea, na chini yake maandishi madogo: umejaribu mara themanini na saba, umeshindwa mara themanini na saba. Milima mingine yote ilikuwa na kufuli.

Hakuna aliyeondoka. Kazi ya mwenye zamu ilikuwa haijaisha, na hawakujua waimalizeje, lakini walikaa tu, chai ikapoa. Hiyo sheria niliiweka kwa kujigamba na sasa ilinishika mimi.

Jumatatu asubuhi nilifunga kibanda nikaenda Kathiani. Njiani nilitunga uongo mzuri mara nne. Nilimkuta mama jikoni, ameteleka maji ya chai, amekaa kwenye kigoda chake karibu na mlango. Alikipokea kidude, akabonyeza kile kitufe cha kulia mara tatu kabla hata ya kukiwasha.

"Kiko sawa," akasema. "Umefanya vizuri."

Kisha akakiwasha. Nilimwona akitafuta orodha yake. Alishuka, akapanda, akashuka tena. Akaona mlima mmoja na kufuli nyingi. Ule uongo wangu wote ukakauka kinywani.

"Mwaitu," nikasema, kama tunavyomwita mama kwa Kikamba, "nimekufutia. Ni mimi. Mwalimu alisema tuweke alama nikakataa, nikasema mwenye jembe analijua jembe lake."

Akakiweka kidude mapajani. "Nani alikwambia majembe hayana alama?"

"Sijawahi kuiona."

"Mimi langu lilikuwa na msumari chini ya mpini! Kila mwanamke alikuwa na yake. Wewe ulidhani tunanusa?" Sauti yake ikapanda. "Mtoto niliyekusomesha! Miaka miwili! Nilikuwa na milima thelathini, umeniachia mmoja, na mmoja wenyewe ule niliolia nao! Toka mbele yangu, unanizibia mwanga!"

Nikasogea. Nilifurahi kufokewa, haki ya nani. Nilichoogopa ni ageukie ukuta. Lakini alikigeukia kidude, amekunja uso, anateta peke yake, na mvua ikaanza kunyesha juu ya ule mlima. Alifungua mtaro wa kwanza akinitukana. Akafunga wa pili akimtukana mwalimu, ambaye hana kosa. Alifungua, akafunga, ile kona ambayo maji huvunja akaiwahi bila hata kunyamaza, na maji ya chai hayajachemka, kidude kikapiga ule wimbo wake mfupi wa ushindi.

Mama akaacha kuteta. Akakitazama kioo. Kulikuwa na tiki ya kijani, na chini yake: umejaribu mara themanini na nane.

"Hii ni ile ile?" akauliza.

"Ni ile ile."

"Hujaipunguza?"

"Mwaitu, mimi hata kuifuta nimeifuta kwa bahati mbaya. Nitaipunguzaje?"

Chai ikaanza kufurika, nikainuka kuipunguzia moto. Niliporudi alikuwa bado hajaugusa mlima wa pili, ingawa kufuli lake lilikuwa limefunguka. Alininyooshea kidude.

"Irudishe mwanzo," akasema.

"Ya nini tena? Si umeshinda?"

"Nimeshinda nikikutukana wewe. Sijauona mkono. Irudishe, nataka kuuona."

Nikaurudisha mlima wa kwanza mwanzo, nikamwekea mikononi kama ile siku ya kwanza. Mvua ikanyesha. Kidole gumba chake kikaanza kufanya kazi, kushuka na kupanda, kimetulia, hakitetemeki, na mama akakiinamia kidole hicho kwa karibu sana. Maji yalifika kwenye kona, yakavunja, yakamwagika yote bondeni, na kidude kikasema ameshindwa. Hakuona. Hakuwa akitazama kioo.